Risala ya klabu ya sayansi kwa Dokta mgeni rasmi, siku ya taaluma

Dokta mgeni rasmi shikamoo, mkuu wa shule shikamoo, walimu wetu, wazazi ambao wengine mmefunga maduka kabisa kuja kutusikiliza, wanafunzi wenzangu mambo vipi, itifaki imezingatiwa.

Mwaka huu mwalimu wetu wa baiolojia alitupa mada ya jinsi dawa za saratani zinavyozibana seli kwa mabaki makali ya oksijeni mpaka zinaacha kukua. Tulinuna kidogo maana wenzetu wa jiografia walipewa safari, sisi makaratasi, ila tulivyoanza kusoma tukakuta ni mambo yanayogusa nyumba zetu.

Dokta unayajua haya, naomba wazazi wasikie. Kila seli ikitumia oksijeni kutengeneza nguvu yanabaki mabaki makali, mojawapo ni hidrojeni peroksaidi, ndo ileile watu wanasafishia vidonda. Yakizidi yanakula mafuta ya utando wa seli, yanakula protini mpaka DNA, kama kutu kwenye bati. Seli ina kitu cha kuyazima kinaitwa glutathioni. Sasa seli ya saratani inagawanyika bila kupumzika, mabaki yake yako juu muda wote na glutathioni yake inahenya kwelikweli, kwahiyo ukimwongezea kidogo tu huyo kazidiwa wakati seli nzima ya jirani bado inavumilia.

Mfano wa dawa zinazoyaongeza ni doksorubisini, ile dripu nyekundu, asili yake bakteria wa udongo wa Italia karibu na ngome ya Castel del Monte. Mgonjwa akishawekewa, mkojo unaweza kutoka mwekundu siku moja mbili, si damu jamani ni rangi ya dawa, aambiwe mapema asije akapata presha chooni. Kazi yake kubwa ni kukwamisha kimeng'enya kinachokunjua DNA, ila pia ikikutana na madini ya chuma ndani ya seli inazalisha yale mabaki makali mfululizo. DNA ikiumia protini ya p53 inaamka, inaagiza protini nyingine, p21, na p21 inazuia seli isiingie hatua ya kunakili DNA. Hapo seli imesimama, haijafa. Zingine zinajirekebisha zinaendelea, zingine zinazeeka hapohapo hazigawanyiki tena, zilizoumia sana zinajiua. Shida ni kwamba karibu nusu ya saratani zina p53 mbovu, ndo maana dawa ileile huyu inamsaidia yule haimsaidii.

Na mabaki hayohayo yanaumiza moyo, sababu misuli ya moyo ina kinga ndogo dhidi yake, ndo maana madaktari wanahesabu dozi yote ya maisha ya mgonjwa na kupima moyo kwanza. Hili lilituumiza kusoma, kwamba kinachotibu ndicho kinachodhuru.

Sasa Dokta kinachotukera. Mtaani wanapita watu na makopo ya unga na vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima mabaki makali, wanawafuata wagonjwa wa kemo, hizi dawa za saratani, majumbani, eti vinaongeza kinga. Mtu yuko kwenye dripu ambayo sehemu ya kazi yake ni mabaki makali halafu anameza kitu cha kuyazima, kwa bei ya mbuzi! Hatusemi asile embe au mchicha, chakula ni chakula, tunasema vile vidonge vya dozi kubwa asimeze kabla ya kumwuliza daktari wake. Finland waliwapa wavutaji sigara 29,133 vidonge, wengine vya beta karotini, ambayo ni antioksidanti, wengine bila, hawakuwa wagonjwa wa saratani lakini majibu ya 1994 yalishtua, waliomeza beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18.

Maombi yetu Dokta ni haya. Hadubini tuliyonayo ni moja, lenzi ina ukungu, tunagombania mpaka kipindi kinaisha, tunaomba nyingine hata iliyotumika. Utusaidie pia barua ya kwenda kutembelea hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam. Na leo kabla hujaondoka, tunaomba dakika chache na wazazi kuhusu yale makopo, maana sisi wakitusikia wanasema watoto wa juzi.

Naomba kuwasilisha.