Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Bustani ya Ujiji itazamwe mwaka mzima

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima zote naomba kukuandikia kuhusu viwanja vya kumbukumbu ya Livingstone vilivyopo Ujiji, si kwa habari ya makumbusho yenyewe, ambayo ina wasemaji wake, bali kwa habari ya miti na nyasi zinazoizunguka, ambazo kwangu mimi na kwa majirani zangu wengi ndiyo bustani yetu ya kupumzikia.

Nimesukumwa kuandika kwa sababu kila kiangazi kinapofika kilele husikika watu wakisema kwamba pale pamebaki vumbi tupu, na kwamba ingefaa pasakafiwe na kuwekwa vibanda vya biashara ili paonekane pa maana. Naelewa wanachokiona. Mwezi wa Agosti nyasi zimekauka, udongo umekuwa mgumu, na moshi wa mioto ya porini umetanda juu ya Ziwa Tanganyika kiasi kwamba, ukishuka kuelekea ufukweni, milima ya Kongo huioni kabisa. Mgeni anayefika siku hizo kwa nusu saa ataondoka akiamini kwamba ameona mahali palipokufa.

Ukweli ni kwamba miezi hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko yote. Mwembe huhitaji ubaridi na ukavu wa Juni na Julai ili upunguze kuchipua majani na uanze kutoa maua, na unyevu ukizidi wakati wa maua, ugonjwa wa chule huyashambulia yakapukutika kabla ya kushika matunda. Anayesimama chini ya miembe ile asubuhi wakati imechanua, akatulia kidogo, atawasikia nyuki wakivuma juu ya kichwa chake huku chini hakuna hata jani bichi. Maembe tunayokula mwishoni mwa mwaka yanaandaliwa katika ukame huo unaolalamikiwa.

Kisha mvua hufika, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na baada ya manyunyu machache tu kumbikumbi huruka, ndege hujaa, na nyasi zilizodhaniwa kuwa zimekufa hurudi. Naomba nikumbushe jambo ambalo wageni wengi, kwa kuwa hupenda kusafiri wakati wa kiangazi, huondoka bila kulifikiria: tarehe iliyoandikwa kwenye mnara, ambayo mwandishi wa habari Stanley alimkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa akitafutwa, chini ya mwembe, ni 10 Novemba 1871. Mkutano ule unaozungumzwa duniani kote ni wa majira ya mvua. Anayetaka kuelewa Ujiji waliyoiona watu wale, basi aje Novemba, maana kivuli, matope na harufu ya udongo uliolowa ni sehemu ya historia hiyo kama lilivyo jiwe lenyewe. Hata maji yalikuwa karibu zaidi wakati ule. Ziwa lilipanda katika miaka ya 1870 mpaka likafungua njia yake kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha likashuka na kuuacha ufukwe mbali na mahali pale.

Masika ya Machi na Aprili ndiyo ninayoyapenda kupita yote. Mvua ikikatika mchana, hewa huwa imesafishwa, na milima ya ng'ambo hutokeza mmoja mmoja hadi mtu akadhani ziwa limekuwa jembamba.

Mheshimiwa, mwembe wenyewe wa mwaka 1871 ulikwisha kufa zamani, na iliyopo leo inasimuliwa kuwa ni uzao wake. Nayo itazeeka. Ninachoomba ni kwamba wataalamu wa kilimo waelekezwe kuchukua vikonyo, yaani ncha za matawi, kutoka miti hiyo na kuvibebesha kwenye miche, ili uzao huo usikatike, na miche ipandwe mvua za kwanza zitakapokolea, si siku ya sherehe itakayoangukia kiangazi, kama tulivyozoea kuona miti ikipandwa mbele ya kamera na kukauka kabla ya mwezi kwisha. Apatikane mtu wa kuimwagilia katika viangazi viwili vya mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo mche hufa au hupona. Saruji isimwagwe juu ya mizizi ya miembe mikubwa, ambayo inahitaji maji na hewa ipenye. Mabenchi machache ya mbao kivulini yatatosha kabisa.

Na kabla uamuzi wowote kuhusu kusakafia haujafikiwa, naomba ufike wewe mwenyewe, Agosti, Novemba na tena Aprili, bila msafara, ukae angalau saa moja kila safari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Ujiji