Imani ya fundi si lazima ionekane kwa msalaba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ya msomaji mmoja aliyeandika hivi karibuni kwamba fundi au msanii Mkristo asiyechonga misalaba, asiyechora watakatifu wala kutunga nyimbo za kanisani, anaificha imani yake. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Unguja, na riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na patasi. Milango niliyoichonga mingi imo katika nyumba za Waislamu, na fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu aliyeweka nyundo chini kila iliposikika adhana.

Msomaji huyo angerejea Kutoka 31 angemkuta Bezaleli, ambaye hakuwa nabii wala kuhani, bali fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao, na bado Mungu asema amemjaza roho yake kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Na kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kama tusomavyo katika sura ya kwanza ya Mwanzo, ambako Mungu mwenyewe tunamjua kwanza kwa kazi yake ya kuumba, basi mfano huo umo katika kutenda kazi kwenyewe, hata pale kazi isipotaja dini.

Tunao ushahidi hapa hapa mjini. Katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, zipo nguzo karibu na birika la ubatizo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaamuru ziachwe. Waongozaji watalii huzionyesha kama kichekesho. Mimi kila nizitazamapo nawaona watu wawili: fundi aliyejengeshwa kitu ambacho huenda hakuwahi kukiona, na mwenye kazi ambaye hakutaka kumvunjia alichokijenga. Hakuna alama ya dini juu ya kosa lile, lakini mimi huliona kuwa la Kikristo kuliko mapambo mengi.

Sasa niseme langu. Nilipokuwa kijana nilipewa na mfanyabiashara mmoja kazi ya kuchonga misalaba midogo ya kuuzia watalii. Niliichonga kwa mbao za mwembe, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu na kuing'arisha kwa kitambaa, ikauzwa kwa jina la mpingo. Mnunuzi akiushika msalaba ule kwa mkono wenye jasho, kiganja kilibaki na weusi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi nilikuwa mtengenezaji wa mikakasi.

Wakati huo huo, kwa mwalimu wangu, nilikuwa nachonga mfaa, yaani ubao wa wima wa katikati ya mlango. Ubao ulikuwa na ufa, nami nikauziba kwa unga wa mbao na gundi, kisha nikapitisha maua juu yake kwa ustadi niliouonea fahari. Mzee aliuangalia, akaugonga kwa kifundo cha kidole mara tatu kutoka juu hadi chini, akasikia palipobadilika sauti. Hakunigombeza. Alinituma nikanunue ubao mwingine wa mfenesi kwa fedha zake, na kazi ya siku tisa nikaianza upya.

Mlango ule ungalipo na hauna msalaba, wala mwenye nyumba asingeutaka. Kwa hiyo msomaji mwenzangu akifika kwenye karakana yangu kuikagua imani yangu, namkaribisha, ila naomba kabla hajatafuta alama augonge ubao kwanza.

Fundi seremala,
Ng'ambo, Unguja