Mnapanga makomandoo, waliobeba mafuta mmewaacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Jedwali lenu la vikosi maalumu bora duniani limezua zogo kijiweni kwetu hapa Igoma. Vijana wanabishana SAS ya Uingereza na Delta Force ya Marekani utadhani ni Simba na Yanga. Naomba nafasi nami niseme langu.

Delta iliundwa mwaka 1977 na Charles Beckwith, ofisa wa Marekani aliyekuwa amehudumu na SAS akajifunza kwao. Mwaka huohuo GSG 9 ya Wajerumani ilipookoa abiria wa ndege ya Lufthansa iliyotekwa, pale Mogadishu, askari wawili wa SAS walikuwa nao. Sasa hapo unampa nani namba moja?

Halafu tazameni uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976 makomandoo wa Israel waliokoa mateka zaidi ya 100 wa ndege iliyotekwa na kumpoteza kamanda wao, Yonatan Netanyahu. Kila mtu husimulia risasi. Mimi huuliza habari ya mafuta: ndege zile zilijaza Nairobi ndipo zikarudi kwao. Na jengo walilovamia lilijengwa na kampuni ya Israel, kwa hiyo michoro ilipatikana. Miaka minne baadaye Delta ikaenda kuokoa Wamarekani walioshikwa mateka Tehran, Iran. Helikopta 8 ziliondoka, 6 zikafika kituo cha jangwani, moja ya hizo ikawa mbovu. Kazi ikafutwa, na wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege iliyobeba mafuta, Wamarekani 8 wakafa. Tehran makomandoo hawakuiona. Mtawashushaje daraja kwa ubovu wa mitambo na dhoruba ya vumbi?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 1979 nilikuwa utingo, na lori la tajiri wangu lilichukuliwa kwa ajili ya vita vya Kagera, nami nikaondoka nalo. Tulizunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo: mapipa ya dizeli chini, masanduku ya risasi juu, magunia ya unga kila penye upenyo. Baada ya Mutukula, pale mpakani na Uganda, mvua za masika zilitukomesha. Tulikata migomba tukaitandika chini ya matairi, dereva anakanyaga mafuta, sisi tunasukuma, tope hadi masikioni. Askari walitupita kwa miguu, mizigo mgongoni, na wengi wao walikuwa mgambo waliokuwa wakipalilia pamba msimu uliotangulia. Kampala ikaanguka 11 Aprili. Hao sijawaona kwenye jedwali lolote.

Adui, kwa taarifa yenu, alilielewa jambo hili kuliko waandishi wa habari. Walibya waliokuwa wakimsaidia Amin walipotuma ndege ya Tupolev Mwanza mwezi Machi, walilenga bohari la mafuta. Wakakosa, wakapiga kisiwa cha Saanane, wakaua wanyama na kujeruhi mfanyakazi mmoja.

Matingo na madereva wa wakati ule bado wapo Igoma, Buhongwa na Kisesa. Mkitaka habari yao, mtumeni mwandishi. Aje asubuhi na aseme kwa sauti, maana wengi wetu masikio yalibaki kwenye injini za malori yale, na jioni tunalala mapema.

Utingo wa zamani,
Igoma, Mwanza