Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wapishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Ghala la Akiba la Kijiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na Afisa Mtendaji,
Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja,
Shehe wetu na Mchungaji wetu,
Wazee na ndugu zetu wanakijiji,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wa akina mama 32 wa bonde la Rufiji ambao mali yao ya kwanza ilikuwa sufuria nne za kuazima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ulipoketi, chini ya mwembe huu wa shule, ndipo yalipokuwa mafiga yetu Aprili 2024, mafuriko yalipotutoa majumbani. Madarasa yalilaza watoto na wazee, wanaume walilala barazani. Kikundi chetu kilizaliwa hapa. Hakikuzaliwa kwa katiba wala kwa semina, kilizaliwa kwa sababu watoto walikuwa wanalia njaa na wenye mikono walikuwepo.

Mafuriko kwetu si mgeni. Mto huu hutuletea maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, hivyo mvua ikinyesha Njombe na Iringa, sisi huku bondeni tunajua zamu yetu inakuja. Wazee wetu walijenga madungu mashambani, wakakaa juu maji yakipita chini, na yalipopungua wakapanda mlau, kilimo cha baada ya mafuriko, kwenye tope lenye rutuba. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia watu wengi wa bonde kwenye vijiji vya nchi ya juu, lakini mashamba yalibaki chini, kwa sababu udongo unaolisha uko chini. Kwa hiyo mtu akituuliza kwa nini tunalima kwenye maji, tunamwomba aje aushike udongo wenyewe.

Msimu wa mvua za El Nino wa 2023/24 ulizidi mazoea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha tangu Agosti 2023. Mvua zilikuja, zikaendelea, Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu yetu kwenye mto huu, likajaa hadi maji yakalazimika kuachiwa, na bonde likageuka ziwa. Tarehe 25 Aprili 2024 Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, aliliambia Bunge kwamba mvua zile zimeua watu 155 nchini, zimejeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zimeathirika. Kabla hatujapumua, Mei ikaja na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, na magari yaliyotakiwa kufika kusini yakabaki njiani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msaada ulikuja. Tunalisema hilo mbele ya watu wote, kwa sababu kuna watu hapa wasingekuwa hai bila ule msaada, na waliotoa walitoa kwa moyo. Tunachotaka kukueleza ni kile ambacho mpishi hukiona na mtoa msaada hakioni.

Chakula cha kwanza kilichotufikia kilikuwa mahindi ya punje. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa ndani ya maji. Vinu vilikuwa vimesombwa. Kuni zilikuwa mbichi, na maji ya kunywa yalikuwa yaleyale yaliyopita kwenye vyoo. Tukachemsha mahindi makavu bila maharage, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, kwa kuni zinazotoa moshi kuliko moto. Watu wazima walitafuna. Lakini bibi asiye na meno hatafuni punje, na mtoto wa miezi minane anahitaji uji. Tulimpa mama anayenyonyesha bakuli la makande magumu, tukamtazama akiwatafunia wanawe wawili kwanza. Magunia yalikuwepo, chakula hakikuwepo. Tangu siku ile tunasema hivi: msaada wa siku tatu za kwanza ni chakula kinacholiwa leo. Ni unga, si punje. Ni uji wa lishe, maharage yanayoiva upesi, mafuta, chumvi, na dawa ya kutibu maji.

Kulikuwa na magunia yaliyonyeshewa njiani. Wengine walisema yaanikwe yaliwe. Sisi tulikataa, na tulisemwa sana kwa hilo. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu, yaliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kumnyima mwenye njaa chakula alichokwisha kukiona kwa macho ni kazi ngumu kuliko kupika, na hatutaki kuirudia.

Jambo jingine ni orodha. Majina yaliandikwa kwa mkuu wa kaya. Bwana mwenye wake wawili akahesabiwa kaya moja, fungu likawa moja, na majiko yalikuwa mawili. Mjane anayekaa kwa kaka yake hakuandikwa. Bibi mmoja anayelea wajukuu watano aliandikwa yeye peke yake, kwa sababu watoto wale baba yao yuko mjini. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Orodha iliandikwa usiku, kwenye mvua, na mtu aliyekuwa naye amepoteza nyumba. Ndiyo maana tunasema orodha iandikwe jua likiwaka, kabla ya maafa, na ihesabu vyungu, isihesabu waume.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye mlau, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia zaidi. Maji yalipoanza kupungua, watu wa nje walifurahi, na mgawo ukapungua pamoja nayo. Kwa mkulima wa Rufiji ule ndio muda wa kukimbia shambani. Tope likiwa bado bichi unachoma shimo, unatia mbegu, na unyevu wa chini unakuvushia mahindi hadi yakomae bila mvua. Ukichelewa, udongo unapasuka na nafasi imekwenda. Mbegu zetu zilikuwa zimesombwa, na zilizosalia tulikuwa tumeshazila kambini. Mbegu za msaada zilikuja, lakini zilikuja tope limekauka. Walioazima kwa ndugu wa nchi ya juu wakavuna. Wengine tulirudi msituni kuchimba ndiga, kiazi cha mwituni ambacho usipokiloweka siku kadhaa kinakuua. Maji yalikuwa yamekwisha, njaa ndiyo ilikuwa inaanza.

Ndipo tulipoamua kujenga ghala hili. Kila mavuno, kila mwanachama alileta pishi yake, na wanakijiji wasio wanachama wakaanza kuleta bila kuombwa. Tulikaa na Mwalimu wa hesabu tukapiga mahesabu. Mashirika ya misaada hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, ambazo ni kama gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde, mafuta gramu 25, uji wa lishe na chumvi kidogo. Kijiji chetu tukikihesabu watu 1,500, siku tatu zinahitaji kilo 1,800 za unga, yaani magunia 18 ya kilo mia, maharage kilo 270, na mafuta kama madumu sita ya lita ishirini. Hesabu ile ilitushtua kwa udogo wake. Magunia 18 yanaingia chumba kimoja. Muda wote ule tulikuwa tunasubiri lori kwa kitu kinachoingia chumba kimoja.

Leo ndani ya ghala kuna mahindi magunia 11 kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi afe kwa kukosa hewa, na maharage kilo 140. Sakafu imeinuliwa kuliko alama ya maji ya 2024, ile uliyoonyeshwa ukutani. Kila miezi minne tunauza ya zamani na kununua mapya. Mlango una kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti.

Tuna upungufu, na hatuoni haya kuusema. Tunaomba mashine ya kusaga ya dizeli itakayowekwa hapa juu, kwa sababu mahindi bila mashine yatatupeleka kulekule. Tunaomba kuunganishwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ili magunia saba yaliyobaki tuyanunue kwa bei tunayoimudu. Hatuombi ya bure. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazungumzia kamati hadi ngazi ya kijiji. Tunaomba kamati yetu iwe na mpishi ndani yake, na iwe na simu inayopokea taarifa maji yanapotaka kuachiwa huko juu, ili mzee apewe nafasi ya kushuka kwenye dungu lake mchana, kwani usiku mamba hawaonekani.

Na ombi ambalo tungeomba ulibebe mwenyewe hadi ofisini: kila mpango wa chakula cha maafa kwa bonde hili uandikwe pamoja na mbegu, kwenye karatasi moja na gari moja. Mbegu za muda mfupi zihifadhiwe wilayani kabla ya masika, zitoke maji yanapoanza kushuka, si baada ya kikao cha tathmini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenye funguo watatu wako mlangoni wanakusubiri. Ukishafungua na kukagua, tunakuomba uonje makande yaliyopikwa na akiba hiyo. Safari hii yana maharage, na yameiva.

Tunaomba kuwasilisha.