Jumamosi njooni na watoto wenyewe

Wazazi wenzangu, asalaam aleikum na habari za jioni. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane barazani kwangu, Ngamiani. Vijana wetu wenye ulemavu wanamaliza kidato cha nne, na safari hii wapange wao watakachofanya baadaye, sisi tusikilize. Juzi nilimkuta binti yangu, ambaye hasikii, kaweka kiganja juu ya cherehani ya jirani. Kwa mtetemo tu akajua uzi umenasa. Nami nilishamchagulia ukarani bila kumuuliza, imeniuma sana.

Tutazungumzia mafunzo ya ufundi ya VETA, kidato cha tano, na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi afikishe asilimia 3 wenye ulemavu, vijana waijue. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo. Mwenye kiti mwendo akihitaji usafiri, aniambie kabla ya Alhamisi.