Barua ya wazi kwa mtoto wa halati yangu uloniachia pedali

Nduyangu, salaam aleikum.

Naandika huku hadharani kwa sababu WhatsApp unasoma, tiki zinageuka buluu, halafu kimya, na kimya chako mie nshakichoka. Huku najua utapita tu. Ulikuwa msomaji wangu wa kwanza zile siku naandika habari za setapu za LMP3, daraja la chini la gari za mbio kwenye mchezo wetu wa kompyuta, na anaesoma ni wewe na jamaa mmoja wa Tanga ambae hata simjui.

Bibi hajambo, goti tu ndo linamsumbua. Jana kauliza tena kama utakuja Maulidi. Nikamwambia ntakuuliza, basi ndo nshakuuliza.

Ile picha ulotuma kwenye grupu la familia nimeiona. Uko Lusail, barabara ya mbio huko Qatar, nyuma ya waya, gari ya mbio Porsche 963 inapita, na maneno yako matatu tu, "kubwa kuliko nlivyodhani". Mahalati wote wakaandika mashallah, hata hawajui wanasifia nini. Mie sikuandika kitu. Si kijicho walahi, au kama ni kijicho ni kidogo. Nliiangalia ile gari nikakumbuka tulivyobishana pale kichochoroni kwenu, wewe unasema ina upana wa mita 2 haipiti, mie nasema inapita ukikunja vioo, tukachukua kamba ya boti tukapima na kichochoro chenyewe hata hizo mita 2 hakifiki. Punda wawili wakikutana pale mmoja hurudi kinyumenyume. Na sisi huko juu ghorofani tunakimbiza gari kilomita 300 kwa saa, mji wetu wa Lamu karibu hauna gari na vijana wake wawili hawana hata laiseni ya probox. Bibi alikuwa akiwaambia wageni kwamba tunacheza "mambo ya simu", alisikia neno sim, yaani mchezo wa kuigiza gari kama huu wetu, akajua ndo hiyo hiyo, na hakuna aliyemsahihisha mpaka leo.

Sasa nisikize. Nimeona jina lako kwenye matokeo, kumbe umerudi kwenye mchezo, na umerudi GTP, daraja la juu kabisa, moja kwa moja. Miezi saba hujagusa usukani halafu unaingia huko juu. Wewe! Kiumri umenizidi lakini kubali leo nikushauri.

Usione kama LMP3 ni ya watoto. Ile Ligier JS P320 ina V8 ya Nissan lita 5.6, nguvu farasi 455, haina haibridi wala mambo mengi, na ndo maana inafundisha, ukikosea unajua aliyekosea ni wewe. Ukipanda LMP2, daraja la kati, ile Dallara P217 yenye V8 ya Gibson lita 4.2, hapo upepo unaanza kukutawala. Ukienda mbio gari inakandamizwa chini inashika, mwendo ukishuka na mshiko unaondoka, kwa hiyo breki unaikanyaga kwa nguvu zote pale mwanzo ndo unaiachia kidogo kidogo kadri gari inavyopungua, ukishikilia vile vile mpaka mwisho tairi zinafunga, haziviringiki tena, na we unakwenda mbele kama jahazi bila usukani. Maana ABS, ile ya kuzuia tairi zisifunge, hakuna. Wa GT3, zile gari za mbio zenye umbo la gari za barabarani, wanayo, sisi hatuna. Halafu ndo GTP, ongeza betri na mota ya umeme, ongeza breki za nyuma ambazo kompyuta ndo inagawa kazi yake, ongeza tairi zinazotaka muda mpaka zipate moto. Hapo kama LMP2 hukuielewa itakudai yote kwa siku moja.

Haya yote ulinifundisha wewe, najua, usicheke. Wewe ulikaa LMP3 misimu miwili, wiki 12 kila msimu, nikakuita babu. Mie wiki ya tano nshanunua LMP2, karibu dola 12, nimevusha abiria kwa boti mpaka Mokowe ng'ambo siku mbili kuzipata, na mwezi haujaisha nina GTP. Laiseni ya mchezo nliipata haraka vile vile kwa sababu nlijua hesabu yake. Alama ya usalama inahesabu makosa kwa idadi ya kona ulizopita, ukitoka nje ya barabara 1, ukizunguka 2, ukimgonga mtu kwa nguvu 4. Basi nikawa naanza nyuma, nakaa nyuma, namaliza nyuma, makosa sifuri, laiseni inapanda. Ukanambia hiyo ni laiseni ya kuingilia dirishani. Iliniuma na sikukujibu. Leo nakujibu, sheria haikatazi.

Na sikupanda haraka kwa kiburi kama ulivyomwambia kakako. Nlijua utaondoka. Makaratasi yako ya Doha yalikuwa mezani kwa Bibi chini ya kile kikapu cha mahamri, kila mtu aliyaona, na we hukunambia. Nlitaka tukimbie gari moja kabla hujaondoka, wewe na mie, daraja la juu kabisa. Nlikuwa nakukimbilia wewe.

Basi tufike huko huko Spa, ile barabara ya mbio ya Ubelgiji.

Wasomaji wengine hamjui kwa hiyo kwa ufupi, ilikuwa resi ya masaa 6, watu wamejipangia wenyewe mtandaoni, GTP na LMP2 na GT3 zote barabara moja, na sisi tulihamia kwa Bibi kwa sababu yeye ana sola na betri. Kompyuta mbili tulizibeba kwa punda toka Langoni, tumezifunga blanketi, na we ulitembea nyuma umeshika skrini kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Saa tatu usiku tukaanza. Saa sita stima ikapotea mtaa mzima, tukachomoa friji ya Bibi, resi ikaendelea. Wewe uliendesha masaa matatu na nusu ule usiku, nduyangu, na kwenye yale masaa yote uligusana na mtu mara moja tu tena kidogo. Mie karibu masaa mawili, na makosa yangu ulikuwa ukiyahesabu kwa vidole nikidhani sikuoni.

Tulikuwa wa tatu. Zimebaki dakika 40. Ulitaka kumaliza mwenyewe na mie nikakuomba. Hilo nalikubali mbele ya watu, nlikuomba mimi. Ukanitazama, ukaingia piti, pale pa kubadilisha tairi na dereva, tukabadilishana.

Nikatoka na tairi mpya, baridi. Juu ya Raidillon, ile kona ya kupanda, Kemmel iliyonyooka yote mbele yangu, na mwisho kabisa kabla ya kona ya Les Combes kuna GT3 moja anakwenda zake. Wewe umesimama nyuma ya kiti changu. Ukaniwekea mkono begani, sikusahau uzito wake, ukasema, "Mngoje. Kona moja tu."

Yule wa GT3 hakufanya kosa lolote, alishika laini yake kama inavyotakiwa, anaekuja nyuma na mwendo mkubwa ndo mwenye jukumu la kupita salama, hilo hata mtoto analijua. Nikaingia ndani. Nikakanyaga breki. Pedali yangu, ile ya zamani, ikaruka toka nusu mpaka mwisho bila mie kuongeza mguu, tairi zikafunga, nikampiga mlangoni, yeye kule, mie ukutani. Kwenye hedfoni kelele zote zikakatika nikabaki nasikia feni ya Bibi.

Na we ukasema, "Si neno."

Ukaitua hedfoni yako mezani taratibu kama mtu anaetua yai. Ukachukua kikombe chako cha kahawa na changu ukaenda kuviosha. Saa nane na kitu usiku mtu anaosha vikombe! Nlikuwa nimekaa pale nasikia mfereji, nasikia unavyosugua, vikombe viwili vidogo vya kahawa vilichukua dakika nyingi kuliko sahani za harusi. Ungenitukana. Wallahi ungenitukana tungegombana, Bibi angeamka atugombeze sote wawili, asubuhi tungekula mahamri yetu yakaisha. Hilo neno lako "si neno" mpaka leo ninalo, nikiwa kwenye boti katikati ya mkondo lanijia.

Nlikwambia ni pedali. Nlikwambia asubuhi yake, na jioni, na kesho yake mbele ya kakako. Na ni kweli ilikuwa pedali! Ile inapima umbali mguu ulipofika, imekaa dirishani miaka miwili inakula chumvi ya bahari, ndani imechafuka, namba zinaruka. Yako inapima nguvu ya mguu wenyewe, si umbali, ni kitu chengine kabisa, huwezi kulinganisha. Na tairi baridi je? Mwaka 2023 Spa hiyo hiyo, Ferrari 499P namba 50, gari ya kweli, dereva wa kulipwa, ilitoka piti na tairi baridi ikaishia ukutani Kemmel pale pale, mwaka ambao walikataza tairi kupashwa moto kabla, na Le Mans, zile mbio za masaa 24, mwezi wa Juni ikabidi waruhusu tena. Na 499P nyengine, ya namba 51, ikashinda Le Mans. Hakuna aliyemwambia yule dereva si neno akaenda kuosha vikombe.

Najua utasema nini. Utasema pedali haikukwambia uingie ndani.

Sawa.

Lakini hili nalo nijibu wewe. Wiki tatu baadae unaondoka. Mie ndo mwenye boti. Mie, nduyo, nnaevusha watu Mokowe kila siku ya Mungu, mashine yangu ya farasi 40 inajulikana kwa sauti toka gatini, na we ukaamka alfajiri ukapanda boti ya mtu mwengine. Ukalipa nauli! Mie nimeyasikia kwa kijana wa viazi karai. Nikawa nacheka mbele yake kama nilijua. Watu wa gatini wakanyamaza siku mbili, hakuna aliyenitania, na ukiwajua wale unajua ilikuwa mbaya kiasi gani.

Jioni nikaenda kwa Bibi. Akaniletea kitu kizito kimefungwa kikoi, ule wako wa kijani, akasema, "Kasema nikupe." Nikafungua. Pedali zako. Zile za miezi mitano ya mshahara. Hakuna karatasi, hakuna neno.

Nimezitafakari sana zile pedali. Siku nikiwa na moyo mzuri nasema kanipenda, kaniachia kitu chake cha thamani kuliko vyote. Siku nyengine nasema ah-ah, huyu kanifungia mlango. Sasa nikigonga nitasema nini? Kanipokonya sababu. Wewe na upole wako, mtu hajui kama umemsaidia ama umemchapa.

Nlikaa nazo mwezi chini ya kitanda. Halafu nikazifunga kwenye ubao nikarudi LMP3, hakuna aliyenilazimisha. Msimu mzima. Mguu uliniuma wiki ya kwanza, hiyo breki yako ni ngumu kama kusukuma jahazi, lakini ukishaizoea mguu unakumbuka wenyewe, na zile namba hazikuruka hata siku moja. Hata siku moja, nduyangu. Na bado nlifunga tairi. Nlifunga wiki ya kwanza, nlifunga wiki ya pili, pale pale mwisho wa kona ninapotakiwa kuachia. Hilo sikutaka kuliandika ila nshaliandika.

Sasa niko LMP2. Na Alhamisi ilopita nadhani unajua tulikuwa resi moja. Mie sikujua mpaka nilipoona jina lako kwenye orodha, wa tano GTP. Nikaanza kukutazama kwenye kioo kila raundi. Raundi ya kumi na nane ukanifikia, Spa tena, Kemmel tena, una mwendo kuniliko, ungeweza kuniingia Les Combes na ungepita, nakujua, ungepita. Bendera ya buluu, ya kuonya kwamba mwenye mwendo yuko nyuma, inanipepea. Nikashika laini yangu nikasubiri ufanye unalotaka.

Ukangoja. Ulikaa nyuma yangu kona yote, ukanipita baadae barabara ilipofunguka, na ulipokuwa ubavuni kabla hujatangulia ulikuwa ushanimulikia taa mara mbili.

Nimemsimulia Bibi. Kauliza, taa hizo ndo salamu ama anakwambia toka njiani? Nikamwambia sijui Bibi.

Maulidi iko Mfungo Sita, mbio za punda kama kawaida, mtoto wa kakako anaingia mwaka huu na hana anaemfundisha. Ukifika Mokowe usipande boti ya mtu, nipigie hata iwe saa tisa usiku ntakuja. Na skrubu moja ya pedali imepotea, ile ya kushoto nyuma, milimita 6, huku nimetafuta kila duka sipati ya urefu ule. Kama Doha zipo niletee mbili.