Kwa Nini Makadirio Yetu ya Jiko Hayaanzi na Makabati

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa Mbezi, anayetaka kukarabati jiko kabla ya kuiuza nyumba yake, alitupigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa ameomba makadirio ya makabati na sinki, nasi tukampelekea karatasi iliyoanza na mabomba, nyaya na njia ya maji machafu, ilhali fundi mwingine alimwandikia makabati peke yake kwa karibu nusu ya bei yetu. Akatuuliza kama tunamtafutia kazi asizoziomba. Lalamiko hili tunalipokea mara kwa mara, tena kutoka kwa watu waungwana wanaolinda fedha zao, na ni haki yao kupata jibu kamili.

Tumeshuhudia wanunuzi wakizungushwa na dalali katika nyumba tulizofanyia kazi. Rangi ya milango ya makabati wanaisifia kwa dakika moja, kisha wanafungua koki kuona maji yanatokaje, wanainama chini ya sinki na kupeleka pua ndani. Wakikuta bodi imevimba na kunuka ukungu, hawaishii kupunguza bei ya kabati, bali wanaanza kuitilia shaka nyumba nzima.

Njia ya mkato inayowagharimu wateja zaidi ni kununua makabati yaliyokwisha kutengenezwa kabla ya mtu yeyote kupima ukuta. Mama mmoja wa Tabata alinunua seti nzuri kwa macho, ya bodi za maranda yaliyoshindiliwa, na ilipofika nyumbani ikabidi sinki lihamie ukuta wa pili ili seti itoshe. Fundi aliyemfungia hakutaka kuvunja sakafu, kwa hiyo akalipitisha bomba la maji machafu nyuma ya makabati, karibu usawa, wakati bomba la aina hiyo linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Mafuta na mabaki ya chakula yakaganda humo, maji yakarudi na kuvuja kwenye maungio, na bodi zikanyonya maji kupitia kingo ambazo hazikufunikwa. Tulipoitwa, chini ya kabati palikuwa pamelainika kama mkate uliolowa. Tulivunja marumaru mapya, tukachimba sakafu, tukalaza bomba upya, na mama yule akalipia makabati mara ya pili. Iliniuma kumwandikia makadirio hayo, kwa sababu kazi ya bomba peke yake, kama ingefanywa mwanzoni, ingekuwa sehemu ndogo tu ya fedha alizotoa.

Ndiyo maana siku ya kwanza tunakuja na futi kamba, pima maji na fundi bomba. Bomba likishalazwa tunalijaza maji kwa shinikizo na kuliacha usiku kucha, na geji inayopima shinikizo ikiwa imeshuka asubuhi hatupigi plasta. Tunapima pia kimo cha tangi, kwa kuwa tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya koki linatoa shinikizo la takriban baa 0.3 tu, na koki nyingi za kisasa zinazopendwa madukani zimetengenezwa kwa shinikizo kubwa zaidi. Mteja akiweka koki kama hiyo bila pampu anapata uzi wa maji na kudhani ameuziwa koki mbovu. Jiko la umeme lenye oveni tunalipatia laini yake yenyewe na sakiti breka yake. Mtungi wa gesi tunauweka nje, mahali penye hewa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja ndani hutuama chini, ndani ya kabati au sakafuni.

Kuhusu bei ya makabati yenyewe, tunatumia bodi za MDF, yaani za nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, za milimita 18 zilizofunikwa kingo zote, hata zile zisizoonekana, na chini ya sinki tunaweka plaiwudi inayostahimili maji. Kwa nyumba za Kigamboni zilizo karibu na bahari hatufungi bawaba za chuma cha kawaida, kwa maana tumekwisha kuona kutu ikizila kabla mwaka haujaisha. Vitu hivi vina gharama, na hatuwezi kuviondoa kisha tukaendelea kuita kazi hiyo yetu.

Hata hivyo, hatumshauri kila mtu atumie fedha nyingi. Mteja wa Temeke mwenye nyumba ya vyumba viwili vya kupangisha alitaka graniti, tukamwambia kodi ya pale haitairudisha, tukamjengea meza ya zege yenye marumaru na kuelekeza fedha iliyobaki kwenye mabomba. Jiko linapaswa kulingana na nyumba na mtaa uliopo.

Mteja wa Mbezi alikubali tuanze na mabomba. Tulipobomoa ukuta tulikuta bomba la chuma lililoliwa na kutu kwa ndani hadi tundu likabaki dogo kuliko kidole, naye akalishika kwa mkono wake. Kabla ya kupiga plasta tulipiga picha kila bomba na kila waya, futi kamba ikiwa imelazwa kando yake, na tukamkabidhi picha hizo pamoja na funguo za jiko. Amesema ataziweka kwenye bahasha moja na hati za nyumba, ili mnunuzi azione kabla hawajazungumza bei.